Mkuu, usiwashe taa saa 18 kwa siku: utavuna msitu, rozela hutaiona

Kabla hujachomeka hiyo taima ya kuwasha na kuzima taa, soma hapa. Umeandika kwamba una mbegu za rozela (ule mmea wa vikombe vyekundu vya juisi) za kienyeji, hema la ndani la mita 1.2 kwa 1.2 lenye kimo cha mita 2, na unataka kuwasha taa saa 18 kwa siku "mpaka zichanue zenyewe". Hazitachanua. Somo hilo nimelilipia kwa miezi saba ya bili ya umeme, na sikupata hata ua moja la kumwonyesha mgeni.

Nilianza hivihivi kama wewe. Mbegu sita, zote zikaota ndani ya siku tano, maana rozela ikipata joto la nyuzi 25 hadi 30 haina maringo. Jamaa mmoja anayeuza taa za kukuzia mimea akaniambia: "Mwanga ndiyo chakula, ipe saa 18, ukiweza ipe 20." Ana video, anavaa koti jeupe, nikajua nimempata mtaalamu. Mwezi wa pili mimea ilipendeza hadi nikawa nawatumia ndugu picha. Mwezi wa tatu ikagusa taa. Nikakata vichwa, kila shina likajibu kwa matawi manne. Nikaifunga kamba na kuipinda ilale, baada ya siku mbili ncha zote zilikuwa zimeinuka tena. Kufika mwezi wa tano zipu ya hema haifungi, na mama watoto akaniuliza kama kuna kitu nafuga humo ndani.

Ua je? Thubutu. Nikamrudia yule bwana. Akasema mimea ina upungufu wa fosforasi, akaniuzia chupa ya mbolea ya kuchochea maua. Nikaweka, ncha za majani zikaungua. Akasema basi mwanga hautoshi, ongeza taa ya pili. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikanunua taa ya pili. Cheka, lakini cheka taratibu.

Nilichokosa kuambiwa ni hiki: rozela ni mmea wa siku fupi, na kinachopimwa hasa ni urefu wa usiku. Kwenye majani kuna kemikali inaitwa fitokromu. Mwanga mwekundu, ule wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 660, unaigeuza iwe kama kengele ya "kumekucha", na gizani inarudi taratibu ilikokuwa. Giza lisipokuwa refu na la mfululizo, mmea unaendelea kuamini kwamba msimu wa maua haujafika, unaongeza majani tu. Siku ikizidi kama saa 13 za mwanga, rozela nyingi hubaki hivyo hivyo. Mbegu za kienyeji za ukanda wa joto ndizo kali zaidi kwa hili, kwa sababu vizazi na vizazi zimekulia kwenye siku za karibu saa 12. Wewe unataka kuzipa siku ambayo babu zake hawakuwahi kuiona.

Na wala si habari mpya! Wanasayansi Garner na Allard wa Marekani waliandika jambo hili mwaka 1920. Walikuwa na tumbaku inaitwa Maryland Mammoth, inarefuka tu shambani na kukataa kuchanua, mpaka walipoanza kuifungia gizani ili kuifupishia siku. Soma hapo uone kama siyo hema langu lilelile. Zaidi ya miaka mia imepita na muuza taa habari hazijamfikia.

Nimtendee haki kidogo. Saa zake 18 zinafaa kwa saladi, ambako unakula majani na ua likitokea ni hasara. Kinachoniuma ni kwamba hakuniuliza hata mara moja napanda nini. Tena zipo rozela zilizoboreshwa zisizojali sana urefu wa siku, kwa hiyo utamkuta mtu anakuapia kwamba yake ilichanua tu. Muulize mbegu alitoa wapi.

Sasa sehemu inayofuata muuza taa hayumo, nilijiharibia mwenyewe. Awamu ya pili nikaweka saa 12 za mwanga na 12 za giza. Wiki ya sita hakuna, wiki ya nane hakuna. Nikaanza kuilaani mbegu. Kumbe kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nafungua zipu na kuchungulia kwa tochi ya simu kama vitumba vimetoka! Yaani mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuamsha mmea kila usiku, halafu asubuhi naulaumu haujalala. Mwaka 1938 watafiti Hamner na Bonner walifanya majaribio kwenye gugu linaloitwa Xanthium: mwanga mfupi katikati ya usiku mrefu ulitosha kuzuia maua, ilhali giza fupi katikati ya mchana halikudhuru kitu. Kwa hiyo umeme ukikatika mchana usihangaike. Ila taima ya kuzungusha husimama umeme ukikatika na haijisahihishi. Yangu ilichelewa kidogo kidogo mpaka "usiku" wa hema ukaangukia muda ambao nyumba nzima iko macho na taa zimewaka. Nunua yenye betri.

Awamu ya tatu: mwanga saa 11, giza saa 13, gundi nyeusi juu ya zipu yote, simu inabaki chumba kingine. Siku ya 33 nikaona kitumba cha kwanza. Sitakwambia nilifanya nini, majirani wanajua. Ua lenyewe hudumu siku moja tu, likinyauka usihuzunike, ndipo kile kikombe chekundu chini yake kinaanza kunenepa. Kichume kikiwa kinono na laini, kabla tumba la mbegu ndani halijakauka.

Usianze na giza hilo siku ya kwanza, lakini. Miche ipe saa 16 za mwanga ijenge mwili, ikifika sentimita 40 au 50 punguza. Usisubiri zaidi ya hapo: taa na feni zimeshakula sehemu ya zile mita 2, na mmea utaendelea kurefuka hata baada ya kupunguza. Rozela iliyoachwa huru inapita kimo cha mtu bila kuomba ruhusa.

Na usitegemee zifanane, ndiyo kienyeji hiyo. Kati ya mimea yangu mitano ya awamu hiyo ya tatu, miwili ilitangulia na mmoja ulichelewa wiki tatu nzima. Mbegu nilitunza za uliotangulia. Rozela kwa kawaida hujichavusha yenyewe, hivyo huhitaji nyuki ndani ya hema.

Uliuliza pia udongo: wowote usiotuamisha maji. Mbolea, kidogo, nitrojeni ikizidi unarudi kwenye msitu wangu. Chungu, mimi natumia ndoo ya lita 20 niliyoitoboa chini. Kulikuwa na swali jingine la nne, limenitoka, na kwa kweli halina maana kama taima bado iko kwenye 18. (Yale majani ya miezi saba tuliyapika. Ni machachu, matamu, na ukigawanya bili ya umeme kwa sahani, nyama ingekuwa nafuu.)

Leo usiku fanya hivi. Zima taa ya hema, acha taa za nyumba zikiwaka kama kawaida, ingia ndani, funga zipu, kaa dakika tano macho yazoee. Kama unauona mkono wako, au kuna mstari wa mwanga kwenye mshono, au tundu la feni linameta, ziba. Kisha ingia tena.

Halafu umesema hema liko sebuleni. Televisheni hapo huzimwa saa ngapi?