Uzito Uko Nyuma: Matairi na Upepo kwa Gari Linalovuta Tela

SWALI

Ndugu Fundi, salaam kutoka Mikindani. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nilipopokea kiinua mgongo nilinunua karavani iliyotumika, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili, kutoka kwa wasafiri waliovuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja na kuamua kutorudi nayo. Nia yangu ni kuivuta kwa pikapu yangu ya kabini mbili hadi Msimbati wakati wa sikukuu, na mara mojamoja hadi Kilwa Masoko, ili niwapangishe wageni wanaopenda kulala karibu na bahari. Matairi ya pikapu yalikuwa vipara, nikanunua manne mapya ya saizi ileile yenye bei nafuu. Kijana wa upepo aliweka psi 50 katika yote manne kwa hoja kwamba tela ni zito. Tangu hapo usukani umekuwa mwepesi, gari linarukaruka kwenye matuta, na matairi ya mbele yameanza kulika katikati. Jirani yangu anasema nishushe hadi 30 ili gari litulie. Nimsikilize yupi? Nimepima gari kwenye mizani ya ghala moja la korosho, karavani ikiwa imefungwa na mizigo ikiwa ndani: ekseli ya nyuma ya pikapu imebeba kilo 1,620. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, pameandikwa 98S.

M., Mikindani

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Umefanya jambo ambalo wengi wanaotuandikia hawajalifanya, nalo ni kupima kabla ya kuuliza. Kwa hiyo naweza kukujibu kwa hesabu badala ya kubahatisha. Usimsikilize kijana wa upepo wala jirani, kwa sababu wote wawili wanazungumzia matairi manne kana kwamba yamebeba mzigo mmoja, ilhali tatizo lako liko kwenye mawili ya nyuma.

Nianze na hiyo namba 98, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko upepo. Namba hiyo si kilo. Ni namba ya jedwali linalotumiwa na watengenezaji wa matairi, na kwenye jedwali hilo 98 humaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 750 na si zaidi. Matairi mawili ya nyuma kwa pamoja yanaruhusiwa kilo 1,500, na wewe umepima 1,620. Umepita kiwango kwa kilo 120, na hakuna upepo utakaoweza kuliongezea tairi uwezo ambao halikutengenezwa nao. Herufi S inahusu mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo mtu anayevuta karavani hana haja nalo hata siku moja.

Muuzaji hakukudanganya kuhusu saizi. Saizi moja huweza kutengenezwa kwa ajili ya gari dogo la abiria na pia kwa ajili ya gari la mizigo, na tofauti haionekani kwa macho ila kwa kusoma ubavu. Unachotakiwa kukitafuta ni tairi ambalo saizi yake inafuatwa na herufi C, au inatanguliwa na LT, lenye namba ya uzito isiyopungua 110. Namba 110 ni kilo 1,060 kwa tairi, na 112 ni kilo 1,120. Mawili ya 112 yatakupa kilo 2,240, nafasi ya kutosha kabisa, ingawa isikupe tamaa ya kuongeza mizigo: ekseli, springi na breki zina kikomo chao kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na kikomo hicho hakibadiliki kwa kubadilisha matairi. Hayo mapya uliyoyanunua mpe ndugu mwenye pikapu ya saizi hiyo ambaye habebi mzigo mkubwa, maadamu kitabu cha gari lake kinayaruhusu.

Sasa tuje kwenye usukani mwepesi. Wewe wa Mikindani huhitaji kueleweshwa kwamba mashua iliyorundikiwa mizigo yote tezini, yaani nyuma, huinua omo, yaani mbele. Pikapu nayo ni hivyohivyo. Shingo ya karavani, ule mkono wake wa mbele wa kuvutia, hukaa juu ya hitchi, lile tufe la chuma ambalo liko nyuma sana ya ekseli ya nyuma. Tuseme shingo inaelemea hitchi kwa kilo 90, hitchi iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3.1. Ukizidisha 90 kwa 1.2 kisha ukagawa kwa 3.1, unapata karibu kilo 35, ambazo zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele na kuhamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 90 bali 125, na ya mbele imepungukiwa. Kuweka psi 50 kwenye tairi lililopunguziwa mzigo ni kulivimbisha hadi likanyage barabara kwa katikati tu, na ndiyo sababu linalika katikati na usukani hauna mshiko. Mbele rudi kwenye kiwango cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usiongeze hata kidogo.

Ushauri wa jirani una hatari ya aina nyingine. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kule kujikunja huzalisha joto. Mpira ukishapata joto la kupindukia, nyuzi za ndani huachana na tairi hupasuka, aghalabu gari likiwa kwenye mwendo na jua likiwa kali. Isitoshe, ubavu laini huifanya nyuma ya gari iyumbe, na karavani ikishaanza kutikisa mkia huwa vigumu kuituliza. Ikikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki kwa nguvu. Kisha ukifika salama, pima shingo: weka mizani ya kupimia watu, kama ile ya zahanati, chini ya kipande cha ubao kilichosimama, na ushushie shingo hapo karavani ikiwa imelala sawa. Shingo nyepesi mno, kwa sababu mizigo imejazwa nyuma ya karavani, huleta mtikisiko ambao hata matairi mazuri hayatauponya.

Ukishapata matairi ya C, fuata kiwango cha mzigo kamili kwenye kibandiko kwa matairi ya nyuma, na kama kibandiko kiliandikwa kwa matairi ya gari dogo, anzia psi 43 hivi na usivuke kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Pima alfajiri, kabla gari halijatembea wala kupigwa na jua. Endesha kwa saa moja kwenye lami, mathalani ukielekea Lindi, kisha simama na upime tena. Kwa matairi ya aina hii upepo ukipanda kwa psi 6 hivi, umepatia; ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo na tairi linapata joto mno, kwa hiyo kesho yake asubuhi ongeza; ukipanda kidogo tu, ulijaza kupita kiasi. Hicho ni kipimo cha makadirio, lakini mimi nimekiamini kwa miaka mingi kuliko kupiga tairi teke, desturi ambayo iliwahi kunilaza njiani baada ya Mingoyo nikiwa na tela la mbao na tairi nililoliona zima. Na tafadhali usipunguze upepo wa tairi lenye joto kwa kuwa umeona namba imepanda. Ni kawaida yake kupanda.

Matairi ya karavani yenyewe yajaze kwa kiwango cha bamba lake, ambacho mara nyingi kinakaribia kikomo cha tairi, kwa kuwa magurudumu mawili yanabeba karibu uzito wote. Hayo hayafi kwa kulika bali kwa uzee, hasa karavani inaposimama miezi mingi juani. Tafuta ubavuni namba ya tarakimu nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na DOT: 2716 ni wiki ya 27 ya mwaka 2016. Yakipita miaka 7 yabadilishe, hata kama meno yake yangali mapya.

Kuhusu Msimbati, mchanga unadai kinyume cha yote niliyosema. Shusha matairi ya pikapu hadi psi 20 na uende polepole, chini ya kilomita 30 kwa saa, bila kukata kona kwa ghafla. Wengi husahau kushusha na ya karavani, kisha wanashangaa kwa nini imegeuka nanga. Nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, kwa maana huwezi kurudi barabarani na upepo wa mchangani. Na usishawishike kununua matairi ya meno makubwa ya tope kwa sababu yanapendeza: kwenye mchanga huchimba, na kwenye lami hupiga kelele na kula mafuta.

SWALI

Shikamoo mzee. Nabeba korosho kwa tela kutoka Newala kushuka Masasi. Nimepata matairi mawili ya mtumba, moja la waya (lenye nyuzi za chuma ndani) na moja la naironi, meno yote mazuri. Naweza kuyafunga pamoja?

Kijana wa Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiyafunge kwenye ekseli moja. La waya na la naironi hayajikunji sawasawa, na kwenye mteremko ule wa kushuka kutoka uwanda wa juu moja litavuta upande wake wakati unapohitaji tela linyooke. Tafuta mawili ya aina moja, saizi moja na namba moja ya uzito. Kisha inamisha tairi uangalie kati ya meno na ubavuni: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, mrudishie muuzaji. Nati za magurudumu kaza tena baada ya kilomita 80 za kwanza, na ukinunua spea, iwe ya tela pia, kwa sababu ya gari huenda isiingie.