Bastola Iliyotumiwa na Polisi

SWALI: Mhariri, mimi ni mlinzi mwenye leseni mjini Houston, Marekani. Nimeonyeshwa bastola aina ya Glock 22 iliyotumiwa na polisi, yenye mikwaruzo mingi na kutu juu ya mtutu. Je, niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, mikwaruzo hutokana na kuichomoa na kuirudisha kwenye mkoba wa kiunoni, nayo haina madhara. Kutu ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu huonyesha kwamba aliyekabidhiwa chombo hicho, ambacho huenda kingeokoa maisha yake, hakukifuta jasho wala kukipaka mafuta. Usilipe kabla fundi wa silaha hajaifungua na kukagua springi na ndani ya mtutu. Ikiwa alama zake za kulengea hung'aa gizani kwa tritiamu (gesi yenye mnururisho), fahamu kuwa mng'ao huo hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi.