Jibu: Ruzuku ya utafiti wa mikoko ya Tudor

Ndugu mwalimu, nimeelewa kuwa pendekezo lako la ruzuku kuhusu mikoko ya Tudor, Mombasa, liko tayari, ila hujui kama ulipitishe kwenye kurugenzi ya utafiti ya chuo au ulitume mwenyewe. Lipitishe, tena mapema, kwa kuwa wafadhili wengi hutaka sahihi ya chuo, na sahihi hiyo ni nadra kupatikana siku ya mwisho. Waombe hasa wakukagulie bajeti: kukodi mashua, posho za wavuvi watakaokuongoza na gharama za usimamizi ndizo husahaulika, kisha mradi ukakwama katikati. Kibali cha maadili ya utafiti kitangulie, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya), inayotakiwa na sheria ya mwaka 2013. Mkataba ukigusa umiliki wa data, mwone wakili wa chuo kabla ya kutia sahihi.