Maswali ya turbo na gia boksi: soma kabla hujatoa pesa

Assalamu alaykum wapenzi wa mashine. Maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, mtu ana gari yake ya spoti anataka kutia turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa zaidi), au kubadilisha gia boksi, au vyote kwa mpigo. Nimechagua machache ambayo jibu lake litafaa na wengine. Msimamo wangu nautanguliza: hesabu ya turbo inaanzia kwenye gia boksi, klachi na upozaji. Turbo yenyewe ndo ya kununua mwisho.

Nina Altezza RS200, ile ya Beams, manyuali gia sita. Kuna mtu ananiuzia seti nzima ya turbo, naweza kuifunga injini ikiwa vile vile ilivyo? (Kwarara)

Kufungika itafungika ndugu yangu, kudumu ndo mtihani. Hiyo injini yako, 3S-GE Beams, ni kazi nzuri khasa, Toyota walishirikiana na Yamaha, lita 2 inatoa farasi 210 bila ya turbo yoyote. Sababu moja ya nguvu ile ni kompresheni yake kubwa, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, inapita 11 kwa 1. Sasa angalia injini zilizozaliwa na turbo zama zile, nyingi utazikuta na 8.5 au 9 kwa 1, mana turbo inaingiza hewa ambayo tayari ishabanwa na ishapata moto, ukiibana tena mara 11 ndani ya silinda mafuta yanajiwasha yenyewe, injini inaanza kugonga, na kule kugonga ndo kunatoboa pistoni.

Na hapa kwetu Zanzibar joto halisaidii. Chukua mchana wa Februari, hewa nyuzi 32, ukiibana kwa nusu bari tu, yaani kama psi 7, inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 80 na kitu, ndo uipeleke silinda hivo hivo? Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, si pambo, inatakiwa ya maana, ikae mbele inapopigwa na upepo, na rejeta nyuma yake iwe nzima maana sasa inapata hewa ya uvuguvugu. Halafu noseli kubwa za kupulizia petroli, pampu ya mafuta ya petroli yenye nguvu, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayokubali kupangwa upya, na fundi mwenye kipimo cha hewa na mafuta anayejua kukisoma. Presha ibaki psi 6 au 7 basi. Ukitaka kupanda zaidi fungua injini uweke pistoni za kufuliwa (forged) zinazoshusha kompresheni, hakuna njia ya mkato pale.

Tuje kwenye gia boksi, hili hukuniuliza lakini ndo litakalokuumiza. Hiyo ni J160 ya Aisin, ndugu zake wamo kwenye Silvia S15 Spec-R na Mazda Roadster. Ni tamu kuiendesha, gia zimekaribiana, lakini gia sita zimepangwa ndani ya boksi dogo kwa hiyo meno yake si manene, na wenye S15 wengi wakiongeza nguvu wanarudi kwenye gia boksi ya gia tano. Kinachovunja meno ya gia ni torki, yaani nguvu ya kusokota, farasi ni hesabu ya torki na mizunguko tu. Altezza yako farasi zake 210 zinapatikana kule juu rpm 7600 (mizunguko kwa dakika) na torki ni Nm 216, gia boksi haijawahi kupata kishindo. Ikiingia turbo torki inakuja mapema, rpm 3000 na kitu, wewe uko gia ya tatu mguu wote chini. Ndo pale linakatika jino. Kwa hiyo presha ndogo, usidondoshe klachi ukiondoka, na oili ya gia boksi ubadilishe mara kwa mara.

Ungeniuliza mimi ningekwambia iache Altezza kama ilivyo. Ni moja ya injini za lita 2 zenye raha ya kuzungusha, na sisi tuko usawa wa bahari, hewa yote ya Mungu tunaipata. Wenzetu wa Nairobi wako mita 1,700 juu, injini isiyo na turbo kule inapoteza nguvu ya wazi, wao turbo inawarudishia walichonyimwa na mlima. Huku huna hiyo hasara.

Chaser yangu ni 1JZ turbo lakini oto. Nataka kuifanya manyuali, fundi kaniletea gia boksi anasema ni ile ile. Nitajuaje? (Fuoni)

Muulize imetoka kwenye gari gani. Unayoitaka ni R154, gia tano, ndo iliyokuwa kwenye Chaser Tourer V manyuali, Supra ya zamani ile ya MA70 ya turbo, na Soarer ya turbo. Ikiwa imetoka kwenye gari isiyo na turbo basi kuna uwezekano mkubwa ukauziwa W55 au W58, zinafanana kwa mbali, na wapo wanaoziuza kwa bei ya R154. 1JZ ya VVT-i inatoa Nm 378 na inazitoa mapema, rpm 2400 tu, W58 haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Khalafu usihesabu bei ya gia boksi peke yake. Kuna pedali, masta silinda ya klachi, flaiwili, klachi yenyewe, propela shafti ambayo mara nyingi inataka kukatwa na kubalansiwa, maunti ya chini, na waya za kontroli boksi maana ile ya oto inaendelea kuitafuta gia boksi yake. Ukiweza kupata vitu vyote kutoka gari moja iliyokatwa, nunua hivo hivo vyote hata ukiona bei imepanda. Kuokota kimoja kimoja ndo gari inakaa gereji mpaka kutu inaanza, na kutu ya upepo wa bahari unaijua.

Gari yangu ina CVT, naweza kutia turbo? (Mbweni)

Hapana kaka. CVT ni oto inayotumia mkanda na puli badala ya gia, na mkanda wa CVT ya gari ya kawaida unabanwa kwa presha iliyopimwa kwa injini ile ile. Ukiongeza torki unateleza, ukiteleza unakwangua puli, kwisha. Subaru WRX S4 ya 2014 ilitoka kiwandani na turbo na CVT ni kweli, lakini ile CVT ilijengwa kwa kazi hiyo.

Huku kwetu vilima na kona nyingi. Gari ya turbo bora oto au manyuali? (Wete)

Swali zuri hili na watu wanagombana bure. Kwenye kilima oto ya kawaida ina faida moja kubwa, ikibadilisha gia mguu wako unabaki kwenye mafuta, turbo haipoi, presha haishuki. Ya manyuali kila ukikanyaga klachi turbo inapumua, ukirudi unasubiri tena kidogo. Ndo mana gari nyingi za turbo zenye oto zinakimbia vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Lakini adui wa oto ni joto. Tokeo Mkoani mpaka Chake ni panda shuka, kona, panda tena, oili ya gia boksi inachemka na ikishaungua inakuwa nyeusi na inanuka. Kwa hiyo ukichagua oto tia kipoza oili (oil cooler) chake peke yake, isitegemee kile kidogo kilichomo ndani ya rejeta. Manyuali inakupa kushuka kwa gia, breki zinapumzika, na kwa vilima vya Pemba mimi naipa manyuali, hasa kama gari ni nyepesi. Ukikaa Unguja mjini na kila siku unapita Darajani na Mwanakwerekwe saa za foleni, nenda oto, goti lako litakushukuru.

Na breki kwanza kabla ya turbo, kwa wote wawili. Disiki nzuri, pedi nzuri, brekifluidi mpya, huku maji ya hewani yanaingia kwenye brekifluidi haraka. Barabara zetu ni fupi, zina matuta, ng'ombe, watoto wa chuo. Pale Jozani matuta yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga kima punju. Nguvu unayoiongeza lazima uweze kuisimamisha.

Nimeongeza presha kidogo, sasa gia ya nne rpm inapanda gari haiongezi mwendo. Turbo mbovu? (Jang'ombe)

Klachi hiyo inateleza, turbo iko salama. Nunua presha pleti nzito kidogo na sahani ya kawaida iliyoimarishwa. Ile ya vidonge vya shaba watakayokusifia inashika kweli, lakini inashika kwa kuruka, kwenye foleni inatikisa gari nzima na kishindo chote kinakwenda kwenye gia boksi na difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu. Unapofungua angalia pia sili ya nyuma ya kranki, ikivuja oili klachi mpya nayo itateleza.

Impreza WRX gia tano, ya tatu imevunjika meno. Nimeambiwa niweke gia sita ya STI. (Chake Chake)

Ushauri ni mzuri, ile gia sita ina nguvu sana, ila difu ya nyuma inunuliwe pamoja nayo kutoka gari ile ile, na shafti zake. Uwiano wa mbele na wa nyuma ukitofautiana, magurudumu yanavutana na difu ya katikati inajiua ndani ya muda mfupi. Hili fundi asikwambie "tutaona".

Mie nina Starlet Glanza V, nimeambiwa lazima niweke taima ya turbo la sivyo itakufa. Kweli? Mie naendea kazini tu. (Kisauni)

Si lazima dada yangu, hiyo taima ni kifaa cha kuiacha injini izunguke kidogo baada ya kuzima ufunguo. Ile turbo ya CT9 ya kwenye injini yako ya 4E-FTE inapozwa na maji na oili. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili, ukizima ghafla baada ya kuikimbiza oili iliyobaki mle ndani inaungua na kuganda. Kwa hiyo dakika mbili za mwisho kabla ya kufika endesha taratibu, ukisimama iache sailensa, injini ikizunguka taratibu, nusu dakika, zima. Pesa ya taima nunua oili nzuri na filta, ubadilishe kila kilomita 5,000. Ukianza kuona moshi wa buluu asubuhi, vua bomba la hewa ukishike kile kipangaboi cha ndani ukitikise: kucheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida, kikicheza mbele na nyuma au kikigusa ukuta, usiiendeshe tena mpaka fundi aifungue.