Kutilia shaka vita dhidi ya magaidi: je, ni dhambi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Mombasa, na kakangu ni askari wa KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) aliye Somalia. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, nilitamani Al-Shabaab wamalizwe wote. Lakini jeshi letu liliingia huko Oktoba 2011, na bado yakaja mashambulizi ya chuo kikuu cha Garissa 2015, kisha hoteli ya Dusit, Nairobi, 2019. Sasa nashuku kama bunduki ndiyo dawa, na nahisi kama namsaliti kakangu. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, huna dhambi. Kuamua jeshi liende wapi na likae hadi lini ni ijtihadi, yaani juhudi ya fikra, ya wanadamu, nayo hupatia na hukosea. Kuihoji si kumsaliti anayeitumikia.

Ila usivuke hadi ng'ambo ya pili ukasema nguvu haina nafasi kabisa. Waliovamia bweni la Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao na kuua watu 148, hawazuiliki kwa mawaidha wakiwa wameshika silaha. Suratul Hujurat aya ya 9 imeamrisha kupigana na kundi linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Kakako akilinda roho za watu kwa nia safi, ana ujira, inshallah.

Shaka yako inagusa jambo jingine, na hapo tumsikilize Sayyidna Ali, khalifa wa nne, radhi za Allah ziwe juu yake. Makhawariji, kundi lililoasi na kujitenga naye, walipomkufurisha, hakuanza na upanga. Alimtuma binamu yake, Ibn Abbas, akajadiliane nao kwa Qur'ani, na wengi wakarudi. Waliobaki aliwaambia hatawazuia misikitini wala hatawaanza kwa vita. Ni pale walipomuua Abdullah bin Khabbab na mkewe mjamzito, wakakataa kuwatoa wauaji, ndipo akapigana nao Nahrawan, huko Iraq, mwaka 38 Hijria. Akashinda. Na baada ya ushindi huo, mwaka wa 40, Khawariji mmoja, Ibn Muljam, akampiga upanga msikitini Kufa. Jeshi lao lilivunjika, fikra yao haikuvunjika. Hata akiwa mahututi, Ali aliagiza mfungwa yule alishwe na asikatwekatwe viungo.

Sisi mara nyingi tunaanzia Nahrawan, yaani kwenye vita, na kuruka mazungumzo na uadilifu uliotangulia. Aprili 2014, baada ya mashambulizi, watu walizolewa na polisi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kufungiwa uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali wasio na hatia. Al-Maida aya ya 8 inakataza chuki ya watu kutufanya tuache uadilifu, na wanaosajili vijana wanajua kuitumia dhuluma kama hiyo. (Hili nilishalisema mimbarini, na si kila mtu alifurahi.) Kumbuka pia basi lililoshambuliwa na Al-Shabaab huko Mandera, Desemba 2015: abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo mbele ya mitutu ya bunduki. Hilo halikufanywa na jeshi.

Kwa hiyo usiache kumuombea kakako arudi salama, na uwaombee pia raia wa Somalia wanaouawa na Al-Shabaab kwa wingi kuliko sisi. Akikupigia simu, muulize afya yake na swala zake. Maswali haya ya vita yangojee akija likizo, kwani askari aliye kambini hana pa kuyapeleka.

Wallahu a'lam.