Mwandiko wa unene na wembamba hutoka kwenye nibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu aliniachia kalamu yake ya wino pamoja na barua alizoandika. Mwandiko wake ni mnene unaposhuka, mwembamba unapopanda. Nimenunua kalamu mpya ya wino nimuige, lakini mistari yote inalingana, na nikikandamiza inakwaruza karatasi. Tatizo ni mkono wangu au kalamu? – Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Kwanza acha kukandamiza, tena leo hii. Nibu, ile ncha ya kuandikia, imepasuliwa katikati ikawa na meno mawili, na wino hushuka wenyewe kwenye mpasuo ule mara ncha inapogusa karatasi. Kukandamiza tumezoeshwa na peni ya kigololi, ile ambayo mvumbuzi László Bíró aliiombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1938: wino wake ni mzito, na kigololi hakizunguki mpaka kisukumwe. Nibu nyingi za siku hizi ni chuma kigumu chenye ncha ya mviringo. Ukizilazimisha, meno yale mawili yanaachana na hayarudi, ndipo zinapoanza kukwaruza.

Sasa chukua barua ya babu, itazame herufi "l" karibu na dirisha. Ikianza nyembamba, ikanenepa katikati, kisha ikakonda tena chini, babu alitumia nibu inayonesa, mara nyingi ya dhahabu ya karati 14. Meno yake hufunguka mkono ukiongeza uzito kidogo wakati wa kushuka, halafu hujifunga. Lakini "l" ikiwa nene sawasawa toka juu hadi chini, nibu ilikatwa bapa, na unene unatokana na mwelekeo wa mstari peke yake. Ndivyo ilivyo kalamu ya mwanzi iliyochongwa mshazari, ambayo wazee wetu wa pwani waliiandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa uzuri, mwandiko ule kwangu haujapata mpinzani.

Wewe anza na nibu bapa ya milimita 1.1. Inayonesa inataka mazoezi mengi na karatasi laini. Daftari la kawaida hunyonya wino, na mistari myembamba hupotea.

Kalamu ya babu usiitie wino bado. Loweka upande wa nibu kwenye maji ya kawaida usiku kucha, ukiyabadilisha mpaka yasitoe rangi. Maji ya moto na spiriti ni mwiko, huharibu plastiki za enzi zile. Ikiwa ina kiwiko ubavuni, yaani kile kijiti cha kuvutia wino, usikivute: mfuko wa mpira ulio ndani huenda umekauka, na kuubadilisha ni kazi ya fundi.