Nilimfukuza kocha Novemba, Januari akabeba kombe

Jumamosi ya Novemba 30, 2024, saa tisa na nusu alasiri, niliandika kwenye grupu la familia: "Huyu kocha aondoke leo hii hii, asingoje kesho." Dar ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na aliyekuwa macho ni shemeji yangu peke yake, mtu ambaye hata umbo la mpira wenyewe halijui. Akajibu: "Mmefungwa na Yanga?"

Alikuwa amepatia. Naishi Columbus, Ohio, na hapa timu ya futiboli ya Kimarekani (ule mpira wa umbo la yai, unaorushwa na kukimbizwa kwa mikono) ya chuo kikuu cha Ohio State na ile ya chuo cha Michigan ni watani wa jadi kwa maana ile ile ya Kariakoo. Tofauti ni kwamba hawa kwa kawaida hukutana mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba. Ukipigwa, aibu yako unakaa nayo mwaka mzima. Ghalani ninakofanya kazi kuna mzee mmoja, mzawa wa hapa, ambaye wiki ya mechi hiyo huja na tepu nyekundu akabandika alama ya X juu ya kila herufi M anayoiona, mpaka kwenye mlango wa choo cha wanaume. Msimdhanie kichaa. Chuo chenyewe hufanya hivyo hivyo kwenye mabango yake.

Siku ile kocha wetu, Ryan Day, aliingia uwanjani na kikosi ambacho chuo chenyewe kilisema kimegharimu takriban dola milioni 20. Michigan walikuja wakiwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 5. Waliosuka mikeka yao waliona ni hela ya bure. Tukapigwa 13-10, nyumbani, na ilikuwa mara ya nne mfululizo kufungwa na watu hao hao. Uwanja unaobeba watu zaidi ya 100,000 ukazomea, nami sebuleni nikazomea nao.

Siku 51 baadaye, Day huyo huyo na wachezaji wale wale waliifunga Notre Dame 34-23 kule Atlanta na kutwaa ubingwa wa taifa. Dar ilikuwa saa moja na kitu asubuhi. Shemeji akaurudisha ujumbe wangu wa Novemba kwenye grupu, bila kuongeza neno hata moja.

Tangu hapo nimejiwekea taratibu za kumhukumu kocha, na nitakupa zile ambazo zimenisaidia.

Kubwa kuliko zote: tenganisha uamuzi na matokeo. Ile mechi ya Michigan nimeirudia kuiangalia mara mbili (mke wangu anahesabu tatu). Kuna nililolalamikia ambalo lilikuwa la haki kabisa. Michigan walikuwa na miamba miwili katikati ya safu yao ya mbele ya ulinzi, Mason Graham na Kenneth Grant, vipande vya watu, na sisi tukang'ang'ania kukimbiza mpira palepale waliposimama. Huku pembeni alikuwepo Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye ukimrushia mpira juu anaudaka kama anachuma embe. Uamuzi ule ulikuwa mbovu hata kama tungeshinda.

Lakini mpigaji wetu alikosa milingoti mara mbili. Pointi sita hizo, katika mechi iliyoamuliwa kwa tatu. Kocha hapigi mpira. Halafu msimu ule Day hakuwa akipanga mashambulizi mwenyewe. Kazi hiyo alimpa msaidizi wake, Chip Kelly. Naam, Kelly aliajiriwa na Day, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yake. Ila mimi sikugawa sehemu. Nilimrundikia yote, pamoja na mateke ya mtu mwingine.

Pili, mpime kwa anachofanya baada ya kuanguka. Wiki tatu baadaye, Desemba 21, kwenye mchujo wa ubingwa, Tennessee walikuja Columbus katika baridi ya chini ya sifuri. Tangu dakika za mwanzo mpira ukawa unarushwa mbali, kwa Smith, kitu kile kile tulichokuwa tunakililia. Ikaisha 42-17. Januari Mosi tukakutana na Oregon, waliotufunga 32-31 mwezi Oktoba, tukawapiga 41-21. Mtu aliyeona kosa lake na kulirekebisha ndani ya siku 21, huku nusu ya mji ikitaka kazi yake, ndiye niliyetaka afukuzwe.

Na hapa kuna jambo linalonikosesha usingizi kidogo. Mpaka msimu wa 2023 mchujo wa ubingwa ulichukua timu nne tu. Msimu ule wa 2024 ndio kwanza zikawa 12. Kwa utaratibu wa zamani, baada ya Michigan safari yetu ingekuwa imeisha, Day huenda angekuwa anafungasha, na mimi ningekuwa nakuandikia leo kwamba nilisema mapema. Kocha angekuwa yule yule, akili ile ile. Kilichobadilika ni kanuni iliyoandikwa na watu wengine ofisini.

Mzee wa ghalani aliposikia hoja hii alicheka, akaniletea habari za John Cooper. Huyo alifundisha hapa kuanzia 1988 hadi 2000, akashinda mechi 111. Dhidi ya Michigan alishinda 2, sare 1, akapoteza 10. Mwaka 1995 na tena 1996 aliingia kwenye mechi hiyo hajafungwa na yeyote, akatoka kafungwa. Wakamwondoa. Akaja Jim Tressel, na katika msimu wake wa pili, ule wa 2002, akabeba ubingwa. "Kwa hiyo wakati mwingine kelele zetu ni sahihi," mzee akasema. Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nikaona jibu liko kwenye hesabu yenyewe: mechi 13 katika miaka 13 zinakwambia kitu kuhusu mtu. Mechi moja yenye mateke mawili yaliyopotea haikwambii kitu.

Ukitaka kocha aondoke, pia taja anayekuja. Nebraska walimfukuza Frank Solich mwaka 2003 akiwa ameshinda 9 na kupoteza 3. Mwaka uliofuata walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, jambo ambalo halikuwa limetokea kwao tangu 1961. Georgia nao walimwondoa Mark Richt mwaka 2015 kwa rekodi hiyo hiyo ya 9-3, wakamchukua Kirby Smart, na wakatwaa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022 mfululizo. Hakuna kanuni hapo. Kuna kamari tu, na ya gharama: Texas A&M walipomtimua Jimbo Fisher mwaka 2023, fidia ya mkataba ilizidi dola milioni 75.

Mahali ambapo sina subira ni jinsi kocha anavyowatendea vijana. Kwetu kocha huitwa mwalimu, na hawa wa vyuo ndio walimu hasa, maana wanakabidhiwa watoto wa miaka 18. Woody Hayes alishinda mechi 205 hapa Columbus. Desemba 1978 alimpiga ngumi mchezaji wa Clemson mbele ya kamera, kesho yake akawa hana kazi. Hapo huhitaji kurudia mkanda mara tatu.

Siku hizi, kabla mechi haijaanza, naandika kwenye simu mistari miwili: nini ningetaka kocha afanye, na kwa nini. Mpira ukiisha nasoma nilichoandika kwanza, ndipo naruhusiwa kusema chochote kwenye grupu. Inaudhi sana. Mara nyingi nagundua kwamba nililolipigia kelele dakika za mwisho sikulifikiria kabisa asubuhi.

Shemeji ameuliza kama utaratibu huu naufuata pia kwa Simba. Novemba 2023, Yanga walipotupiga 5-1, Robertinho alitimuliwa siku mbili baadaye, na nilikuwa wa kwanza kwenye grupu kushangilia. Nimemwambia shemeji aniachie Simba yangu kwanza.